Kutoka Mvua ya Mwaka hadi Kaskazi: Mpango wa Bustani ya Nyumbani Kiembeni

Bustani ya nyumbani Kiembeni, kama ilivyo kotekote Kisauni, huendeshwa na pepo mbili na mvua mbili. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Kaskazi hushika zamu Desemba hadi Machi, ikija na jua kali na anga nyeupe. Kusi inapoingia huleta mvua kubwa, ambayo wenyeji wa Mombasa huiita mvua ya mwaka na Watanzania huiita masika. Kabla kaskazi haijakaza hunyesha mvua fupi za vuli. Katikati hukaa kipupwe, miezi ya ubaridi ya Julai na Agosti, pamoja na manyunyu ya mchoo yanayopita kwa siku chache na kukatika.

Kwa hesabu za milimita, Mombasa hupata mvua ya 1,000 au zaidi kidogo kwa mwaka, lakini haigawanyiki sawasawa. Mei peke yake huleta zaidi ya milimita 200, na Februari mara nyingi haifiki 20. Joto la mchana hupanda hadi karibu nyuzi 33 mwezi Machi, kisha hushuka hadi karibu nyuzi 28 Julai na Agosti. Hakuna mwezi ambao baridi huzuia mbegu kuota. Kinachoadimika ni maji na, katika miezi ya jua kali, kivuli. Ndiyo maana mpango wa bustani hapa ni wa kupanua na kupunguza: eneo huongezwa mvua inapokaribia na hupunguzwa kaskazi inapoanza. Kazi nyingi za msimu mmoja hufanywa katika msimu uliotangulia.

Hesabu ya misimu si jambo geni pwani. Waswahili walikuwa na mwaka wa jua ulioanzia siku ya Nairuzi, wenye siku 365 zilizohesabiwa kwa makumi. Mabaharia waliutumia kujua wakati wa kufunga safari, na wakulima kujua kumi la kufyeka, la kuchoma na la kupanda. Kwa kuwa mwaka huo haukuongezewa siku kila baada ya miaka minne, Nairuzi imekuwa ikirudi nyuma polepole. Siku hizi huangukia Julai, mwezi ambao Makunduchi, Unguja, huadhimisha Mwaka Kogwa. Kalenda hiyo imebaki mikononi mwa wachache, lakini kanuni yake bado inafaa: siku ya kupanda huhesabiwa kutoka kwenye msimu, si kutoka Januari.

Udongo na maji

Ardhi ya ukanda huu ni mchanga uliolalia mwamba wa matumbawe, na mahali pengine mwamba hutokeza karibu kabisa na uso wa ardhi. Mchanga hupitisha maji upesi na kuondoka na mbolea. Mwamba wa matumbawe ni chokaa, na chokaa ikizidi mimea hushindwa kufyonza madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ndimu, malimau na waridi huonyesha dalili hiyo mapema. Kwa sababu hiyo, desturi ya sehemu nyingi za bara ya kunyunyiza jivu au chokaa shambani haifai hapa. Huko udongo una asidi inayohitaji kupunguzwa; Kiembeni chokaa tayari imezidi, na jivu huongeza tatizo.

Dawa ya mchanga na ya chokaa ni moja: mboji nyingi, kila msimu. Mfano mkubwa wa jambo hilo uko jirani, Bamburi. Mwaka 1971 kampuni ya saruji ilianza kupanda miti katika machimbo yake yaliyoachwa wazi, mahali ambapo hapakuwa na udongo hata kidogo. Mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu aina 26 za miti, na zilizostahimili zilikuwa 3 tu, ukiwemo mvinje na mnazi. Mvinje ulishika hata juu ya mwamba mtupu, lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza. Walipoletwa jongoo waliyala majani hayo, na kinyesi chao kikawa chanzo cha udongo mweusi. Leo machimbo hayo ni msitu na bustani ya wanyama iitwayo Haller Park. Mwenye bustani ya nyumbani ana sababu ya kutowaua jongoo wanaotoka wakati wa mvua, na ana sababu kubwa zaidi ya kutochoma majani anayofagia uani.

Majani hayo, maganda ya mboga, samadi ya mbuzi na mbolea ya kuku hurundikwa pamoja, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kila baada ya wiki mbili. Katika joto la Mombasa mboji huiva kwa miezi 2 hadi 3. Mbolea ya kuku isitumiwe ikiwa mbichi, kwa kuwa huunguza mizizi na huongeza chumvi ardhini. Mahali ambapo mwamba uko juu mno, mimea hupandwa kwenye magunia, matairi na mitungi iliyokatwa. Makumbi ya nazi huwekwa chini ya chombo kabla ya udongo, yapate kushika maji ambayo mchanga ungeyaachilia.

Maji ya mfereji Mombasa hutoka mbali: chemchemi za Mzima zilizoko Taita Taveta, Marere iliyoko Kwale, na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Kilifi. Hayatoshi mji, na nyumba nyingi za Kisauni hutegemea visima au mitungi ya mikokoteni. Maji ya visima mara nyingi yana chumvi. Mnazi, spinachi na viazisukari huyavumilia. Maharagwe, karoti na vitunguu huyashindwa. Yakilazimika kutumiwa, humwagwa kwenye shina, si juu ya majani, na kwa wingi kila mara ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Mvua ya mwaka ndiyo huja kuiosha chumvi iliyojikusanya tangu kaskazi.

Mvua ya mwaka: Aprili hadi Juni

Matayarisho huanza Februari, ardhi ikiwa bado kavu. Magugu hung'olewa, mboji huchanganywa na udongo, na mashimo ya miti huchimbwa. Shimo la mwembe au mdimu huwa na upana na kina cha sentimita 60 hivi, na hujazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mifereji ya paa husafishwa kabla ya tone la kwanza. Miche ya biringani na pilipili huoteshwa kitaluni Machi, chini ya kipaa cha makuti kinachopitisha nusu ya jua. Makuti huondolewa mojamoja siku 10 za mwisho ili miche izoee jua kabla ya kuhamishwa.

Mahindi, kunde, mbaazi na maboga hupandwa mwishoni mwa Machi, au mara tu mvua ya kwanza inapolowesha udongo kina cha kidole. Mbegu za pwani si lazima ziwe zile za bara. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa, ambacho leo kiko chini ya shirika la KALRO, kimeshughulikia mazao ya ukanda huu kwa miongo mingi. Mahindi ya Coast Composite, yaliyotolewa mwaka 1974, yalikusudiwa joto na mvua za hapa. Kwa upande wa muhogo zipo Tajirika, Karembo na Shibe, ambazo huhimili maradhi ya majani kuliko za zamani, ingawa wengi bado hupenda ladha ya Kibandameno. Vipande vya muhogo hukatwa kutoka miti iliyokomaa isiyo na mabaka ya manjano majanini, kwa kuwa ugonjwa huo wa mabaka, uitwao batobato, huenezwa na nzi weupe na pia na vipande vyenyewe.

Mbaazi inastahili nafasi katika kila uwanja. Ikipandwa Aprili kando ya ua, huwa kinga ya upepo na hurutubisha udongo kwa nitrojeni. Agosti na Septemba huanza kutoa punje za kuungwa kwa tui na kuliwa na mahamri. Viazi vitamu hutandazwa kwenye miinuko: majani yake huwa mboga, na mashina yake hufunika udongo usichukuliwe na maji.

Mvua ikishika, tatizo hugeuka. Mwezi Mei maji huweza kutuama mahali palipobanwa na mwamba au kuta za nyumba, na mizizi ikikosa hewa siku 2 au 3 mmea huanza kufa. Kwa hiyo matuta ya msimu huu huinuliwa sentimita 15 hadi 20, na kati yake huachwa mikondo. Mbolea hutiwa kidogokidogo kila wiki 3, kwa sababu mvua kubwa huisukuma chini ya mizizi. Tungule zilizoiva katikati ya mvua hushambuliwa na kuvu, majani yakafanya madoa na kukauka kuanzia chini. Ni heri zao hilo lingoje kipupwe. Konokono wakubwa hutoka usiku na kutafuna miche. Njia salama ni kuwaokota kwa mkono wa glavu wakati wa magharibi na kuwaangamiza mbali na bustani.

Huu pia ni wakati wa miti. Mche wa mwembe, mdimu, mstafeli au mnazi uliotiwa ardhini wiki za kwanza za Aprili hupata miezi mitatu ya kujenga mizizi kabla mvua hazijapungua. Ule uliopandwa Novemba hukutana na kaskazi ukiwa bado mchanga, na huhitaji kumwagiwa maji hadi Machi.

Mvua hii huleta na mbu. Mombasa iliwahi kupata milipuko ya dengue, mmojawapo mwaka 2013, na chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Mbu anayebeba maradhi hayo hutaga katika maji safi yaliyotulia: ndoo, matairi, sahani za vyungu vya maua. Matangi hufunikwa kwa wavu, sahani humwagwa kila wiki, na matairi yanayotumika kama vyombo vya kupandia hutobolewa pande za chini yasishike maji.

Kipupwe na mchoo: Julai hadi Septemba

Hiki ndicho kipindi chepesi zaidi kwa mboga. Joto limeshuka, udongo bado una unyevu, na mchoo hupunguza kazi ya kumwagilia. Mboga zilizozoea ubaridi wa bara hufanya vyema sasa kuliko wakati wowote mwingine. Sukumawiki, spinachi, karoti, dania na figili hupandwa kuanzia mwisho wa Juni. Familia nyingi za Kiembeni zilihamia kutoka bara na kuja na mbegu za managu na sagaa. Mboga hizo pia hustawi wakati huu, mradi ziwe zimemaliza kuvunwa kabla ya joto la Desemba.

Tungule huoteshwa kitaluni Juni na kuhamishwa Julai, ili ziive Septemba na Oktoba kabla ya mvua za vuli. Hufungwa kwenye vijiti na kupogolewa majani ya chini, hewa ipite. Zisirudishwe mahali zilipokuwa msimu uliopita, wala pasiwekwe biringani au pilipili, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na hurithishana maradhi. Kunde au mahindi zishike zamu hapo kwanza.

Adui wa miezi hii ni upepo. Kusi ikikaza huvunja mipapai na kuchana majani ya migomba. Mipapai hufungiliwa kwenye nguzo, na migomba yenye mikungu hutegemezwa. Ua wa mbaazi, mvinje au minazi upande wa kusini-mashariki hupunguza kishindo bila kuzuia hewa kabisa. Ukuta mzima si kinga nzuri sana, maana upepo huuruka na kuanguka kwa nguvu upande wa pili.

Ubaridi na ukavu wa kiasi ndivyo vinavyoiamsha miembe kutoa maua. Katika kipindi hiki mwembe uliokomaa haumwagiliwi maji mengi, la sivyo hutoa majani mapya badala ya maua. Kumwagilia huanza tunda likifikia ukubwa wa gololi.

Vuli: Oktoba hadi Desemba

Vuli ni fupi na haina ahadi. Mpango wake hujengwa kwa mazao ya haraka yanayoweza kumaliza safari hata mvua ikikatika mapema. Mchicha huvunwa wiki 3 au 4 baada ya kupandwa. Majani ya kunde huanza kuchumwa karibu wakati huohuo, na punje zake hukauka baada ya miezi 2 na nusu hivi. Pojo huhitaji takriban siku 65, na matango siku 50 hadi 60. Mbegu huwa tayari mwisho wa Septemba. Mabenda na mabiringani yaliyopandwa sasa yataendelea kuzaa hadi ndani ya kaskazi yakipata maji.

Matunda nayo yako kileleni. Maembe ya pwani huiva zaidi kati ya Novemba na Februari, na nzi wa matunda huyafuata. Aina ya nzi iliyotoka Asia iligunduliwa Kenya mwaka 2003, na tangu hapo imekuwa hasara kubwa kwa wenye miembe. Nzi hutaga chini ya ganda, na funza hukomaa ndani ya tunda lililoanguka kisha hujichimbia ardhini. Kinga ya kwanza haina gharama: maembe yaliyoanguka huokotwa kila siku, hutiwa katika mfuko mweusi wa plastiki na kuanikwa juani wiki 2, funza wafe. Mti ukishavunwa, matawi yaliyokufa na yanayosongana hukatwa ili mwanga uingie.

Mipapai huangaliwa kwa jicho jingine. Kidugamba cha mpapai, mdudu mwenye unga mweupe, kiliripotiwa pwani ya Kenya mwaka 2016. Kikionekana kwenye jani moja, jani hilo hukatwa na kuzikwa, na shina hupigwa maji ya sabuni. Kikisubiriwa hadi kaskazi huenea upesi, kwa kuwa hupenda ukavu.

Kazi kubwa ya vuli, hata hivyo, ni kuvuna maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 100 katika mwezi hukusanya lita 5,000. Ukitoa zinazomwagika na kukauka, hubaki kama 4,000. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huachwa ipite, kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi likijaa kabla ya mwisho wa Desemba, kaskazi imepatiwa dawa.

Kaskazi: Desemba hadi Machi

Katika miezi hii mita moja ya mraba ya mboga hupoteza lita 5 hivi kwa siku, kupitia udongo na majani. Bustani ya mita za mraba 10 basi hutaka lita 50 kila siku, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20. Tangi la lita 5,000 huitosha siku 100, muda unaokaribia urefu wa kaskazi yenyewe. Bustani ya mita 30 ingelimaliza tangi hilo kwa mwezi mmoja na siku chache. Hesabu hii ndiyo huamua ukubwa wa bustani ya Januari. Ni heri vitanda viwili vilivyoshiba kuliko sita vyenye kiu, ambavyo majani yake huwa machungu na huvutia wadudu.

Vitanda vinavyobaki huletwa karibu na jikoni, mahali penye kivuli cha alasiri. Safari hii haviinuliwi bali huzamishwa sentimita 10, maji yakae kwenye mizizi. Udongo hufunikwa kwa nyasi kavu, majani au makumbi yaliyochambuliwa, unene wa sentimita 5 hadi 8. Juu huwekwa wavu wa kivuli au makuti. Maji humwagwa alfajiri au baada ya magharibi. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa kwa migomba na mipapai, lakini si kwa mboga za majani, kwa sababu ya sabuni.

Mazao ya kutegemewa sasa ni yale yenye asili ya joto: mabenda, mabiringani, kunde, mchicha, pilipili, na kisamvu kutoka muhogo uliopandwa Aprili. Mronge, ambao mizizi yake huenda chini, hutoa majani ya mboga hata ardhi ya juu ikiwa vumbi. Sukumawiki hubaki kwa mashina machache kivulini. Vyungu vya asumini na mrehani husogezwa upande wa mashariki wa nyumba, vipate jua la asubuhi tu.

Vitanda vilivyolazwa havikai bure. Mchanga wa pwani hukaliwa na minyoo wadogo wanaofanya mizizi ya tungule na mabenda kuwa na vifundo. Jua la kaskazi huweza kuwapunguza. Udongo hulainishwa na kumwagiwa maji mara moja, kisha hufunikwa kwa nailoni angavu iliyobanwa pembeni kwa wiki 4 hadi 6. Joto linalojikusanya chini yake huua minyoo wengi pamoja na mbegu za magugu. Nailoni ikitolewa Machi, kitanda kiko tayari kwa mboji na mvua ya mwaka.

Mbegu zilizohifadhiwa hukaguliwa wakati huohuo. Unyevu wa hewa ya Mombasa huzifisha upesi, hivyo hukaushwa kivulini na kutiwa katika chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na mchele mkavu wa kufyonza unyevu. Mbegu 10 zikiwekwa kwenye kitambaa kilicholowa na kuota 7 au zaidi, akiba hiyo inafaa kupandwa.

Misimu inapokosa ratiba

Pepo bado zinapokezana, lakini mvua hazitimizi zamu kila mwaka. Vuli ya 1997 iligeuka mafuriko ya El Niño, na Novemba 2023 Mombasa ilifurika tena. Kati ya 2020 na 2022 misimu 5 mfululizo ilipungukiwa na mvua sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, ikigusa na pwani ya Kenya. Chanzo kimojawapo ni joto la Bahari ya Hindi: maji ya upande wa Afrika yakiwa moto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli huwa kubwa, yakiwa baridi, huwa haba.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa kila msimu kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, pamoja na wa kila wiki. Utabiri wa msimu hutumika kuchagua mazao. Wa wiki hutumika kuchagua siku. Utabiri wa msimu ukionyesha mvua haba, muhogo, kunde na pojo hupewa nafasi ya mahindi. Ukionyesha mvua nyingi, mikondo huchimbwa mapema na matuta huinuliwa zaidi.

Kinga iliyo sawa kwa hali zote ni kutopanda kila kitu siku moja. Mbegu za kunde au mchicha hugawanywa mafungu 3 na kupandwa kwa kupishana wiki 2. Fungu la kwanza likiungua kwa mvua iliyodanganya, la pili bado lipo. Na yote yakifaulu, mboga huvunwa kwa zamu badala ya kuiva kwa pamoja na kuharibika. Anayeandika katika daftari tarehe ya mvua ya kwanza, alichopanda na alichovuna, baada ya miaka michache huwa na kalenda ya uwanja wake mwenyewe, inayojua mwamba uko wapi, kivuli huangukia wapi na maji hutuama wapi.